Fundo la Mkono wa Kushoto

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi na moja, saa tatu kasorobo asubuhi. Mzee Mpira anakumbuka hadi dakika, kwa sababu alikuwa ametoka kufunga bomba na kuitupia jicho saa ya ukutani, ile ambayo Mkuu wa Chuo aliitundika nje ya ofisi yake ili watu wa chini wasije wakasingizia kwamba hawakujua muda. Watu wa juu wao hawakuwa na saa. Walifika walipofika.

Mzee Mpira si jina alilopewa na wazazi. Wanafunzi ndio waliombandika, maana tangu kunakucha hadi jioni utamkuta anaburuta mpira wa maji katikati ya miche kama mtu anayekokota nyoka asiyetaka kwenda. Darasani aliishia la nne. Lakini mche ukiwa na kiu aliujua kwa kuupita tu, na katika chuo kile cha kilimo cha matunda walikuwepo wenye shahada mbili mbili waliokuwa wakimwita pembeni na kumuuliza, kisha wakaenda kuyasema majibu yake mbele za watu kama yao.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kukagua mtihani wa vitendo. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa mmoja wa wanafunzi kumi na wanne waliokuwa wakifanya mtihani huo, na bila kuufaulu hakuna cheti. Kazi yenyewe ilikuwa kubebesha miche: unachukua shina changa la mlimau lenye mizizi migumu, unalikata kichwa, unalipasua, unachomeka kikonyo, kijiti kichanga cha mchungwa mtamu, kisha unafunga kidonda kwa utepe wa plastiki hadi vishikane viwe mti mmoja. Kila mwanafunzi miche sitini. Walifunga tarehe nne ya mwezi huo, banda la neti likapigwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Mkuu na mmoja kwa Mzee Mpira, asiweze kuingia mmoja bila mwenzake. Maji yalifunguliwa kwa nje tu, kwenye koki, yakanyunyiza yenyewe ndani. Ndivyo chuo kilivyofanya miaka yote, na hiyo sheria ya kufuli mbili ilikuwa ya Mkuu mwenyewe. Hakumwamini mtu.

Siku ya kumi wakafungua. Mbele alikuwa Mkuu na kalamu yake, nyuma yake Mwalimu Kisu, mama mfupi aliyefundisha kubebesha na ambaye kisu chake kilining'inia shingoni kwa kamba kama wengine wanavyoning'iniza miwani. Wakapita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Utepe umeanzia chini, umepanda juu, fundo kulia. Kama walivyofundishwa.

Meza ya sita ilikuwa ya binti. Mwalimu Kisu akainama, akasimama, akainama tena. Akaugusa mche mmoja, akaugusa wa pili, kisha akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Vipi?" Mkuu akauliza.

"Hizi tepe."

"Zina nini?"

Utepe ulianzia juu ukashuka chini. Fundo lilikuwa kushoto, na ncha yake imekunjwa ikafichwa chini ya mzunguko wa mwisho, safi, huwezi kuiona mpaka uipapase. Miche yote sitini. Mzee Mpira, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufunguo wake, hakuhitaji kusogea. Aliliona fundo lile akiwa hatua kumi, akashika nguzo.

"Hii ni kazi ya marehemu," Mwalimu Kisu akasema kwa sauti ya chini. "Mkuu, hii ni kazi ya marehemu mke wake huyu mzee. Nimekaa naye meza moja miaka tisa. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Hakuna mwingine aliyefunga hivi."

"Marehemu hafanyi mtihani, Mwalimu," Mkuu akajibu, wala hakuinua macho kwenye karatasi zake.

Mke wa Mzee Mpira alikuwa amezikwa miezi kumi na minne iliyopita.

* * *

Sasa ni lazima lielezwe hilo, kwa sababu kwenye mafaili ya chuo limeandikwa kwa mstari mmoja tu: aliugua kifua.

Aliugua kifua, ni kweli. Asubuhi alibebesha miche, mchana alibeba bomba la dawa mgongoni, lita kumi na sita, akapulizia mstari hadi mstari na kitambaa cha kichwa akiwa amekifunga puani. Aliomba barakoa. Akaambiwa zimeagizwa. Akaomba tena, akaambiwa zinakuja. "Basi zinakuja kwa miguu," aliwaambia wenzake, wakacheka, naye akacheka hadi kikohozi kikamkatisha. Kikohozi chake kilikuwa na mtindo wake: vidogo vitatu vya harakaharaka, halafu kimoja kirefu cha kuvuta, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu ya saruji. Ndani ya mwaka mmoja alikwisha, akabaki macho.

Nyuma ya stoo ya dawa palikuwa na mchenza wake. Ulijiotea kutokana na mbegu aliyoitema mwenyewe siku aliyoanza kazi, naye akaulea. Mzee Mpira akimwita mama watoto, alimjibu, "Watoto gani? Mimi ninaye mmoja na mchenza." Haukufanana na mchenza mwingine pale chuoni. Kila jani lilikuwa na pengo dogo nchani, kama limeng'atwa na panya mwenye adabu, na ukilifikicha lilinuka harufu kali tamu iliyokaa vidoleni hadi kesho yake. Lakini maji ya kuoshea mabomba ya dawa yalimwagwa palepale shinani, kwa amri, kwa kuwa mfereji ulikuwa umeziba na kuuzibua hakukuwa kwenye mpango wa mwaka. Majani yakaanza kupauka. Mwaka wake wa mwisho mama alikataa kula machenza yake. Alisema yana ladha ya bomba.

Wiki moja baada ya mazishi zikaja habari kwamba wakaguzi wanatoka juu, watazunguka, watachukua udongo na majani wakapime. Mkuu akamwita Mzee Mpira. "Ule mti nyuma ya stoo unaziba njia ya gari. Utoke leo."

Naye akautoa. Alikuwa bado na kitambaa cha msiba begani. Alishika msumeno, akakata, na katikati ya shina msumeno ukaruka kama umesukumwa, ukamla mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada havikunjiki tena hadi leo. Kisiki kikachimbwa, kikachomwa moto, pakamwagwa kokoto. Wakaguzi walipofika walikuta njia ya gari. Wakanywa soda, wakaondoka.

Ni baada ya hapo binti alisema atasoma kilimo cha matunda. Baba alidhani ni uchungu wa msiba unaosema. Lakini mtoto alishika daftari hakuliachia. Jioni alimsomea habari za mboji, za kulisha udongo badala ya kuulevya, za majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, kwamba ukiwapa kamba ya kuvukia kutoka mti hadi mti watakulindia bustani nzima bila tone la sumu. "Nataka nilime matunda ambayo anayeyalima hafi, baba," alisema. Tayari palikuwa na barua sandukuni: bustani moja ya mbali, isiyotumia dawa za sumu, ilikuwa inamngoja asimamie kitalu chao. Walitaka kitu kimoja tu, cheti.

* * *

Mkuu hakutaka kelele. Akamwita binti pale pale mbele ya meza ya sita, akampa shina, kisu na utepe. "Funga kama hizi."

Binti akafunga. Fundo likatoka kulia.

"Kama hizi, nimesema."

Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Utepe ukateleza, kikonyo kikaanguka sakafuni. Akajaribu tena. Wenzake walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Kwa hiyo si kazi yako," Mkuu akasema.

"Nilifunga mwenyewe, Mkuu. Mwalimu aliniona. Nilifunga kulia."

"Ni kweli," Mwalimu Kisu akasema. "Nilimwona."

"Basi kuna mtu ameingia akamfanyia upya." Mkuu akageuka taratibu kumtazama Mzee Mpira. "Na mwenye ufunguo anajulikana."

"Ufunguo mmoja ninao mimi," Mzee Mpira akasema. "Mwingine unao wewe. Neti hii hapa, ikague, ukiona tundu la kupita hata mjusi nifukuze. Na mkono wangu huu hapa. Unaujua ulivyokuwa hivi."

Mkuu hakuutazama mkono. Akaandika kitu. Tarehe nne ya mwezi wa kumi na mbili, siku ya kufungua tepe, ndiyo itakayoamua, alisema. Isipopatikana maelezo ya kueleweka, binti afungashe. Kufuli zikarudi, zote mbili.

Nyumbani walikaa katika vile vyumba viwili vya wafanyakazi, mlango umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Binti hakugusa chakula.

"Baba, niambie ukweli. Uliingia?"

"Ningeingiaje, mama?"

"Sijui. Nakuuliza."

"Sikuingia."

Akamwamini, au alijilazimisha kumwamini. Akaenda kuteka maji. Alipotoka, Mzee Mpira akanyanyuka hadi nyuma ya mlango, kulikoning'inia kisu cha kubebeshea cha marehemu, mpini wake umelika upande wa kushoto kwa miaka ya kushikwa. Kila Jumapili alikipaka mafuta kisishike kutu, akakizungushia kitambaa. Makali yake hayakuwa yamekata kitu kwa miezi kumi na minne.

Akakifungua. Mafuta yalikuwa yamefutwa. Kwenye makali palikuwa na mstari wa utomvu wa kijani, bado unanata, na chumba chote kikajaa harufu kali tamu ya majani yaliyofikichwa.

Alikaa kitandani na kisu mapajani hadi aliposikia ndoo ya binti ikigonga kizingiti. Kama ningekipeleka kwa Mkuu, aliwaza, angesema ndiye huyo mwizi wetu, na mtoto angekuwa amekwisha. Akakifunga tena. Akakizika ndani ya gunia la mboji, chini kabisa, na hakumwambia mtu.

* * *

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, jua limeshachemka, alifungua koki ya banda kama kawaida. Bomba likaguna, vinyunyizio vikaanza. Halafu, ndani, upande wa meza ya sita, akasikia vitatu vidogo vya harakaharaka. Kisha kimoja kirefu cha kuvuta.

Akafunga koki. Kimya. Matone tu.

"Mpira una hewa," akajiambia kwa sauti, kama anayemweleza mtu. Akafungua. Maji yakatoka sawasawa, na katikati ya maji, tena, vitatu na kimoja.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Alisimama na paji la uso limegusa neti na macho ndani, akaona meza, akaona miche, akaona ukungu wa maji ukitulia juu ya majani. Meza zote zilikuwa zinalowa. Ile ya sita maji yaliipita kando na kuacha nafasi kavu sakafuni, upana wa mtu aliyesimama akifanya kazi, kisha maji yakiisha nafasi ile nayo ikaloa yenyewe. Hakumwambia binti. Angemwambia nini? Mtoto alikuwa analala na daftari kifuani.

Siku ya sita Mkuu alipita. Hakuwa na kawaida ya kupita huko, viatu vyake havikuzoea tope. Alisimama kumwelekeza Mzee Mpira jinsi ya kushika mpira, mtu aliyeushika miaka ishirini na miwili, na ndipo sauti ile ikasikika.

Mkuu akageukia neti.

"Nani yumo ndani?"

"Hakuna mtu, Mkuu."

"Nimesikia mtu anakohoa."

"Ufunguo mmoja unao wewe," Mzee Mpira akasema. "Tufungue tutazame."

Mkuu akapeleka mkono mfukoni. Mkono ukakaa humo. Ukatoka mtupu. "Nina kikao," akasema, akaondoka kwa hatua za mtu anayejizuia asikimbie.

Siku tatu baadaye gari likashusha boksi mbele ya stoo. Barakoa, mia mbili, mpya, bado zina harufu ya kiwanda. Mzee Mpira ndiye aliyezibeba ndani, maana yeye ndiye mbebaji wa kila kitu pale. Alizipanga kwenye rafu moja moja. Akawaza: kumbe zilikuwa zinaweza kufika. Kumbe ni simu moja tu. Akaketi juu ya boksi tupu na kulia machozi ya hasira, yale yanayochoma.

* * *

Tarehe nne wakafungua.

Meza nyingine zilikuwa na ya kwao: hapa nusu imeshika, pale vikonyo vimekauka vikawa vyeusi kama njiti za kiberiti zilizowashwa. Aliyefanya vizuri zaidi alikuwa na arobaini na moja. Meza ya sita ilishika yote. Sitini kwa sitini, vichipukizi vimetoka juu ya tepe vimesimama vyote kuelekea upande mmoja, upande wa stoo ya dawa. 

Mwalimu Kisu alichukua jani moja changa. Nchani palikuwa na pengo, kama limeng'atwa. Akachukua la mche wa pili, na la mche wa mwisho. Akalifikicha, akanusa, akampitishia binti. Binti akanusa, akalifumbata jani mkononi, kwa sababu harufu ile alikua nayo, ilikuwa vidoleni mwa mama yake kila alipomsuka.

"Huu si mchungwa," Mwalimu Kisu akasema.

Mkuu akaweka fomu juu ya meza. Sasa aliongea kwa upole, na upole wake ulimtisha Mzee Mpira kuliko ukali. Miche imeshika, alisema, hilo halina ubishi, na yeye si mtu wa kumnyima mtoto haki yake. Kimebaki kipengele kimoja. Mche hauwezi kutoka chuoni bila kuandikwa kikonyo chake kilikatwa mti gani. "Andika mstari wa tatu, mti wa nane, mchungwa. Ndivyo ulivyoandika mwanzo. Ninasaini, mambo yaishe."

"Si kweli, Mkuu," binti akasema.

"Ni kweli ulikata huko?"

"Nilikata huko. Lakini hiki si kilichoota."

Mzee Mpira akamvuta kiwiko. "Andika tu, mwanangu. Andika tuondoke zetu." Maisha yake yote alikuwa amewachukia watu wanaoandika uongo kwenye karatasi, na sasa alikuwa anamsukuma mtoto wake akaandike.

"Baba, mkulima asiyejua mche wake umetoka wapi analima gizani. Ndicho kitu cha kwanza walichotufundisha hapa." Akachukua kalamu mkononi mwa Mkuu. Akainama. Akaandika kwa herufi kubwa, polepole, na ni Mwalimu Kisu aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba kalamu ilikuwa mkono wa kushoto: MCHENZA ULIOKUWA NYUMA YA STOO YA DAWA, UKAKATWA KWA AMRI YA MKUU WA CHUO.

Mkuu alisoma. Akasoma tena. Angeweza kuichana, na vidole vyake vilishaikamata. Wakati huo koki ilikuwa imefungwa, Mzee Mpira aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, na bomba lilikuwa kavu. Hata hivyo wote kumi na saba waliokuwa ndani waliisikia, karibu sana, nyuma kidogo ya bega la Mkuu: vitatu vidogo, kisha kimoja kirefu.

Akasaini.

* * *

Cheti kilitoka kabla mwezi haujaisha. Binti alisafiri nacho kwenye bahasha ya plastiki, na miche yake sitini nyuma ya gari la mizigo, imefunikwa kwa majani ya migomba isiungue. Barua zake zinakuja. Udongo wa huko ni mwekundu, anasema, majimoto wameshajenga viota vitatu, na hajapoteza hata mche mmoja. Anashika kisu kwa mkono wa kulia kama zamani.

Fomu ilipanda juu kama fomu zote. Safari hii mtu aliisoma. Wakaguzi walirudi, na hawakunywa soda. Walifukua kokoto nyuma ya stoo, wakajaza vifuko udongo, wakaondoka bila kuaga. Mkuu yuko likizo ambayo haina tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo Mzee Mpira alidhani yameisha. Mtoto amepata alichokuwa akikitafuta, mkubwa ameshikwa pabaya, marehemu angelala.

Jumatatu iliyopita alienda kuosha banda. Tupu, meza zimesogezwa ukutani, hakuna mche hata mmoja. Alifungua koki, saa nne asubuhi, jua kali. Vinyunyizio vikazunguka. Akasikia vile vitatu. Akasikia kile kirefu. Safari hii sauti haikutoka meza ya sita. Ilitoka karibu na mlango, aliposimama yeye, na sakafuni mbele ya miguu yake palikuwa na nafasi kavu, upana wa mtu mmoja.

Mkono wake wa kulia ukaanza kuuma, pale pale msumeno ulipopita.

Amekaa na hilo tangu siku hiyo, na kila akifungua koki linarudi. Kisu bado kimo ndani ya gunia la mboji na hathubutu kulifungua. Miezi hii yote alimtaja Mkuu, kila asubuhi alimtaja, na hakukosea: amri ilikuwa ya Mkuu. Lakini mama watoto alikuwa na watoto wawili, na huyu wa pili nani alimkata? Sasa anayesimama pale mlangoni saa nne kila siku anamngoja nani: aliyetoa amri, au aliyeshika msumeno?